Hakuna Nyama, Hakuna Samaki: Je, Hiyo Ndiyo Halali?

Ahadi ni deni. Shemeji yangu, ambaye kazi imempeleka yeye na familia yake katika jiji la Tokyo, alimwahidi binti yake kwamba siku atakapokamilisha kuihifadhi Juzuu Amma atachagua mwenyewe mahali pa kula, na hakuna atakayempinga. Binti huyo, mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi, aliikamilisha wiki ile ile niliyofika kuwatembelea. Hakuchagua kuku wa kukaanga wala piza. Alichagua mgahawa wa sushi usiouza samaki.

"Mjomba, utapapenda," aliniambia. "Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna hata yai. Sisi huenda siku zote."

Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, alitikisa kichwa kuafiki. Kwa familia ya Kiislamu iliyo ugenini, alinieleza, hakuna raha kama kuingia mahali ambapo huhitaji kuuliza mnyama amechinjwa na nani. Hapo roho hutulia, mtu akala akashukuru.

Nami niliafiki. Nimesoma chuo cha dini, ni katibu wa kamati ya msikiti, na bado sikuuliza lolote. Nalikiri hilo mapema, kwa kuwa makala haya yamezaliwa na swali ambalo si mimi niliyeliuliza.

Msikitini, kisha foleni

Adhuhuri tuliswali katika Msikiti wa Tokyo, ulioko Yoyogi-Uehara. Msikiti huo una historia inayostahili kukumbukwa. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1938 na Waislamu wa Kitatari waliokuwa wameikimbia Urusi. Jengo lile lilichakaa, likabomolewa mwaka 1986, na hili la sasa, lenye kuba na mnara kwa mtindo wa Kiothmani, likafunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Waturuki. Muumini kutoka pwani yetu akisimama katika safu pale, ubavuni mwake ana Mwindonesia na mbele yake Mjapani aliyesilimu, huuona umma kwa macho yake.

Kutoka hapo tulipanda treni. Mgahawa wenyewe ni mdogo, hauzidi meza kumi, lakini foleni yake ilifika kwenye kona ya mtaa. Wajapani husubiri kimya kimya, bila kusukumana, hata ukadhani wamesimama kwenye safu ya sala. Wengi waliosubiri walikuwa vijana, na si wote waliokataa nyama maishani mwao. Wengine walivutwa na sifa ya chakula tu.

Tulipoingia tulipokewa kwa sauti za makaribisho kutoka kila pembe ya jiko. Tukaletewa vitambaa vya moto vyenye unyevunyevu vya kufutia mikono, na chai ya kijani. Kabla ya kula Mjapani huunganisha viganja na kutamka neno la unyenyekevu, kwamba anakipokea chakula. Wapwa zangu wao walipiga Bismillahi, na mtu wa meza ya jirani akatabasamu, kana kwamba amelitambua lililokusudiwa.

Sushi ni wali, si samaki

Wengi wetu tukisikia neno sushi huwaza samaki mbichi. Ukweli ni kwamba kinachoifanya sushi kuwa sushi ni wali uliokolezwa siki. Asili yake ya kale ilikuwa ni njia ya kuhifadhi samaki: alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali uliochacha, akakaa miezi mingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo wauzaji wa mitaani katika jiji la Edo, ambalo leo ndilo Tokyo, walipoieneza ile sushi ya haraka, tonge la wali lililowekewa kipande juu yake. Mpishi anayetajwa zaidi katika habari hizo ni Hanaya Yohei.

Wala sushi ya mboga si uzushi wa jana. Tango, mamumunye yaliyokaushwa na kuchemshwa kwa viungo, na vifuko vya tofu ya kukaanga vilivyojazwa wali vimeliwa na Wajapani kwa vizazi. Aidha, nchi hiyo ina desturi ndefu ya kujizuia na nyama. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa baadhi ya wanyama, na katika mahekalu ya Kibudha ukakua upishi wa watawa usiotumia nyama wala samaki. Mtawa Dogen aliandika mwaka 1237 maelekezo maalumu kwa mpishi wa hekalu, akimtaka asidharau hata punje moja ya mchele. Itikadi yao si yetu, lakini hilo la kuheshimu punje linatuhusu sisi ambao sinia za walima zetu humwagwa nusu.

Mgahawa tulioingia umejengwa juu ya urithi huo. Badala ya tuna huweka nyanya iliyoondolewa ganda na kulazwa katika viungo. Badala ya mkunga huweka biringanya la kuchoma. Supu yake haitokani na samaki mkavu wa jamii ya jodari, kama ilivyo ada katika nyumba nyingi za Kijapani, bali uyoga mkavu na mwani. Na karatasi nyeusi inayozungushiwa wali, iitwayo nori, nayo ni mwani. Nilipowaeleza wapwa zangu kwamba kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, hulima mwani baharini, ingawa wa aina nyingine, walistaajabu kana kwamba nimewaambia dhahabu huota Unguja.

Swali la mtoto

Tukiwa tunasubiri, mpwa wangu alikuwa akiichezea chupa ndogo ya sosi ya soya iliyokuwa mezani, akisoma maandishi yake. Watoto hawa husoma shule za Kijapani, na lugha hiyo wanaijua kuliko wazazi wao. Ghafla akanyamaza. Akaweka kidole juu ya herufi mbili.

"Mama, hii ya kwanza ni ile ya sake."

Sake ni pombe ya mchele. Herufi mbili zile kwa pamoja, kama nilivyokuja kuelewa, maana yake ni kilevi kilichoongezwa ili sosi isiharibike. Dada yangu aliichukua chupa, akaitazama, akairudisha mezani taratibu. Shemeji akasema labda ni kidogo mno. Lakini mtoto alikwisha kunyanyua mkono kumwita mhudumu, na kwa Kijapani chake safi akauliza swali ambalo sisi watu wazima watatu hatukuwahi kuliuliza: je, katika chakula hiki mna sake au mirini?

Mhudumu aliinamisha kichwa, akaenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe. Mzee huyo alileta chupa mbili na kuziweka mbele yetu bila kuficha kitu. Wali, alieleza, umetiwa siki ya mchele, sukari, chumvi na mwani tu. Lakini mamumunye, uyoga na vifuko vya tofu huchemshwa kwa mirini na sake. Miso ya supu nayo ni ya kununua, na imeongezwa kilevi ili isiendelee kuchacha. Kisha akaomba radhi.

Hakuwa na kosa. Mlangoni pake hapakuandikwa halali. Palikuwa na ahadi moja tu, kwamba hamna kitokanacho na mnyama, na ahadi hiyo aliitimiza kikamilifu. Ni sisi tuliotafsiri ahadi yake kwa kamusi yetu.

Aliyeondolewa ndiye aliyekuwa halali

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari jambo hili. Familia hii ilikuwa ikizikimbia sushi za kawaida na kuukimbilia mgahawa huu kwa ajili ya usalama wa dini. Je, mgahawa ulikuwa umeondoa nini? Samaki. Na samaki ni nani katika sheria yetu? Ni chakula ambacho Mwenyezi Mungu amekihalalisha waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 96, wala hakihitaji kuchinjwa. Ameondolewa pia yai, ambalo ni halali. Imeondolewa asali, ambayo Qur'ani katika Suratun Nahl imeitaja kuwa ndani yake mna ponya kwa watu. Kilichobaki katika sufuria ni mirini, na hiyo ndiyo yenye tatizo.

Mirini halisi ni kimiminika kitamu kitokanacho na mchele, chenye kilevi cha asilimia 14 hivi, ambayo ni zaidi ya maradufu ya bia nyingi. Serikali ya Japani yenyewe huitoza kodi ya vileo. Iko aina nyingine ya bei nafuu ambayo kilevi chake ni chini ya asilimia 1, lakini mpishi anayejali sifa yake hupendelea ile halisi.

Basi ieleweke: asiyekula kitokanacho na mnyama ana mizani yake, na Muislamu ana mizani yake. Mizani hizo hukutana mahali pengi, kwani hata sisi tumeamrishwa kumhurumia mnyama, kutomtesa na kumchinja kwa wema. Lakini hazilingani. Yeye huuliza, je, kimetoka kwa mnyama? Sisi huuliza, je, Mola amekiruhusu? Na aya ya 87 ya sura hiyo hiyo ya Al-Maida inatukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa, kama ambavyo aya ya 90 inatutaka tuuepuke ulevi. Kuacha nyama kwa sababu ya afya au kwa kutoipenda ni ruhusa ya mtu. Kuigeuza kuwa dini ni jambo jingine.

Moto hausafishi

Hoja tunayoisikia mara kwa mara ni kwamba pombe ikipikwa huvukizwa na moto, ikabaki ladha tu. Hoja hii ina udhaifu wa pande mbili.

Kwanza, haina ukweli kamili hata kwa upande wa elimu ya chakula. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichochemshwa pamoja na kilevi kwa dakika 15 hubaki na kiasi cha asilimia 40 ya kilevi hicho, na kikichemshwa saa nzima hubaki na asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu husalia asilimia 5.

Pili, kwa upande wa fiqhi, suala si kulewa peke yake. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba kinacholewesha kwa wingi wake, hata uchache wake ni haramu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani yetu, ulevi ni najisi. Chakula kilichochanganyika nao hunajisika, kikapikwa kisipikwe.

Ama siki, hiyo isitutie hofu. Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Wanavyuoni wameafikiana kwamba ulevi ukigeuka siki wenyewe, huwa twahara. Waliyohitilafiana ni pale mtu anapoutia kitu kwa makusudi ili ugeuke: Mashafi wamelikataa hilo, Mahanafi wameliruhusu. Vivyo hivyo, kilevi kidogo kinachojizalisha chenyewe katika sosi ya soya inapochacha, au kinachoongezwa viwandani bila ya kutokana na utengenezaji wa pombe ya kunywa, kimejadiliwa na wanavyuoni wa zama zetu. Wapo waliokitofautisha na ulevi, likiwemo baraza la taifa la fatwa la Malaysia. Hapo kila mmoja amuulize shekhe anayemwamini, na asimlaumu mwenzake. Lakini sake na mirini kumiminwa sufuriani si mahali pa hitilafu hiyo.

"Mwaka na nusu, kaka"

Mpishi aliporudi jikoni, dada yangu alizungumza kwa sauti ya chini. "Mwaka na nusu, kaka. Vile vifuko vya tofu nimewanunulia hadi vya kupeleka shule."

Sikuwa na neno la haraka. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa bado hajasema. Mpwa wangu alinivuta kanzu, akaniuliza kama sala zake zimeharibika. Madrasa walifundishwa habari ya mnywaji pombe ambaye sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: siku arubaini, kwa kila mara aliyokula. Na Juzuu Amma yake je?

Nilimweleza, na nawaeleza wazazi wote watakaoulizwa hivyo, kwamba onyo lile ni kwa anayekunywa hali anajua. Mwenyezi Mungu ametusamehe tuliyoyafanya kwa kukosea na kwa kusahau. Dua ya kuomba tusichukuliwe kwa hayo imo mwishoni mwa Suratul Baqara, na yeye aliijua kwa moyo. Nikamwambia kwamba hesabu yake haianzi nyuma, inaanza pale aliponyanyua mkono kuuliza. Hapo uso wake ulirudi rangi.

Nafsi yangu sikuisamehe kwa wepesi huo. Mtoto alikuwa na udhuru wa kutojua. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba chakula huulizwa, nikastarehe kwa sababu neno "mboga" lilisikika safi.

Tulichokula

Tulifikiria kuondoka. Mpishi ndiye aliyetuzuia. Alituma karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye vitu sita anavyoweza kututayarishia upya kwa ubao na kisu vilivyooshwa: tango, parachichi, figili, karoti, bamia, na biringanya la kuchoma kwa chumvi pekee. Sosi ya soya tuliiacha. Akatupa chumvi, ufuta na limau.

Nilichokila siku ile nakikumbuka hadi leo. Wali ulikuwa vuguvugu, punje zikishikana bila kuwa bokoboko, na siki ikisikika mwishoni tu. Nori ilivunjika mdomoni kwa ukavu na chumvi ya bahari. Bamia, mboga yetu wenyewe, ilikatwa nyembamba ikawa kama nyota za kijani juu ya tonge. Biringanya lilinuka moshi kama la nyumbani. Wapwa zangu walishindana kwa vijiti. Mimi, baada ya kuliangusha tonge la pili, nilikula kwa mkono wa kulia, na mpishi akaniashiria kwamba hivyo ndivyo hata Wajapani wengi hula sushi.

Lipo jingine sipendi kulificha. Mahali hapo huuzwa pia bia na mvinyo. Meza yetu haikuwa nao, na mchana ule hatukuona meza iliyo nao, lakini usiku hali hubadilika. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuketi katika meza inayozungushiwa ulevi. Tangu siku hiyo familia ile imeamua: wakienda, ni mchana, au hununua wakala nyumbani.

Funzo kwa familia zetu

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi asidhani habari hii ni ya mbali. Sushi zinauzwa katika hoteli za miji yetu, na katika maduka makubwa mirini na sosi za soya zimepangwa rafu moja na siki. Mama anayepika wali wa kukaanga kwa mtindo wa Kichina huzikuta. Basi tuzingatie haya:

Kwanza, maneno "mboga tupu", "asilia" na "bila nyama" si sawa na halali. Soma maandishi ya nyuma ya chupa, au umwombe kijana wako akusomee.

Pili, uliza kwa jina. Ukiuliza "mna pombe?" utajibiwa hapana, kwa kuwa mpishi hafikirii mirini kuwa kinywaji. Uliza: mna mirini, sake au mvinyo katika viungo?

Tatu, uliza kwa adabu. Swali la mtoto wetu halikumvunjia mpishi heshima; lilimpa nafasi ya kutukirimu.

Nne, jaribuni nyumbani. Vikombe viwili vya mchele mfupi unaonatana, uliopikwa, hukolezwa siki vijiko vinne vya chakula, sukari vijiko viwili na chumvi kijiko kimoja cha chai. Vikishayeyuka pamoja, vimwagiwe wali ungali moto, ugeuzwe taratibu kwa mwiko na kupepewa hadi upoe. Mahali pa mirini, maji kidogo yenye sukari yanatosha. Ndani weka tango, karoti, parachichi, au samaki aliyepikwa, kwani sisi samaki hatukukatazwa.

Usiku ule, kabla ya kulala, mpwa wangu alisimama mbele yetu akasoma Suratut Takathur, ambayo mwisho wake unatukumbusha kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Hakuichagua kwa kusudi. Ndiyo iliyofuata katika muraja wake. Alipomaliza, dada yangu aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuzitoa chupa kabatini moja moja, akimwita mwanawe aje amsomee.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.